Zamu ya Kiti

Wivu niliuanza mapema na sijaona sababu ya kuuacha. Nilipokuwa msichana niliwaonea wivu wenye ng'ombe wengi, wenye kisima karibu na wenye meno mazuri. Nilipoolewa nikapata mtu mmoja wa kumwonea wivu, na wale wengine wote nikawaachilia.

Mtu huyo alikuwa mke mkubwa wa mume wangu. Kaya yetu ilikuwa mwendo mfupi kutoka Bariadi, ng'ambo ya mto, ndani ya ua wa minyaa. Nyumba yake ilitazama lango. Yangu ilikuwa nyuma, karibu na maghala, hivi kwamba mgeni aliyeingia aliuona moshi wa jiko lake kwanza, na akiuona wa kwangu hudhani nao ni wake. Alikuwa na mabinti wanne. Mimi nilikuwa nimevuna pamba misimu mitatu katika kaya ile na sikuwa na mtoto.

Hili la mtoto nalisema mapema kwa sababu ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Baba yangu alipokea ng'ombe wa mahari yangu, na ng'ombe wale walikuwa wamekwisha kuzaa. Mimi bado. Kwetu mke asiyezaa aliweza kurudishwa kwao na ng'ombe wakarudi walikotoka. Mama mkwe wangu alikuwa ameanza kuniuliza habari za ng'ombe wale, kama wamenenepa, kama wanapata majani, kwa sauti ya mtu anayeuliza mali yake iliyo safarini.

Mume wangu alikuwa mwanangwa, yaani msimamizi wa kijiji kwa niaba ya mtemi. Alijiona mtu wa haki, na kwa kiasi fulani alikuwa. Alilala siku mbili kwa mke mkubwa na siku mbili kwangu, zamu kwa zamu, hata akiumwa, hata kukiwa na msiba. Siku za zamu yangu niliamka nikiwa na furaha. Siku za zamu ya mwenzangu niliamka nikiwa na kazi tu. Mtoto asingetoka mahali pengine ila katika zamu zile, na mimi nilizishika kama mtu anayeshika kamba ya ndoo kisimani.

Siku hizo nchi zetu zilikuwa ndogo na nyingi. Kila mtemi alikuwa na nchi yake, na nchi maana yake ni serikali kamili: mahakama yake, hazina yake, askari wake wa kaptula, mahabusu yake. Juu yao alikuwapo Mwingereza, Bwana Shauri, aliyekaa Maswa. Watemi hawa walikuwa na baraza lao la pamoja, la kusemezana habari za kodi, majosho, mipaka na wezi wa mifugo wanaovuka kutoka nchi hii kwenda ile. Baraza hilo halikuwa na mkubwa wa kudumu. Walipokezana. Mwaka huu nchi hii inashika uongozi, mtemi wake anakuwa mwenyekiti, na wengine wote wanamfuata kwake na makarani wao na wazee wao. Mwaka ukiisha, uongozi unahamia kwa jirani.

Na kulikuwa na kiti hasa, si maneno tu. Kiti cha mninga, chenye mikono na mgongo mrefu, kilichosafiri kutoka nchi hadi nchi juu ya lori la pamba kikiwa kimefunikwa shuka jeupe. Mwaka uliotangulia kilikuwa upande wa Sola, na watu wa kule walitutesa. Ukikutana nao mnadani mkaanza kusalimiana, hujamaliza kusema "mhola", mwenzako ameshakwambia kwamba wiki hii hana nafasi, kwao kuna wageni, si unajua kiti kiko kwetu. Bariadi nzima iliugua wivu mwaka ule. Kwa mara ya kwanza nikawa mtu wa kawaida.

Kisha zamu ikawa yetu.

Mume wangu aliileta habari kutoka ikulu kwa mtemi, akaisema huku bado ameshika baiskeli. Watemi watalala ikulu, lakini wafuasi wao hawataenea. Kila mwanangwa wa karibu amepangiwa mgeni. Yeye amepewa karani wa nchi ya kando ya ziwa, ile ya upande wa Nyashimo.

"Karani?" mke mkubwa akauliza.

"Karani mkuu. Anayemwandikia mtemi."

Sisi wake wawili kila mmoja alitazama nyumba yake. Wanangwa wenzake walikuwa wamepewa wapiga ngoma na wabeba mizigo. Sisi tulipewa mtu anayejua mtemi wake anafikiri nini kabla ya mtemi mwenyewe kujua.

"Atalala kwa mkubwa," mume wangu akasema.

Nikamwambia kwa mkubwa kuna watoto wanne wenye kikohozi. Nikamwambia nyumba yangu imeezekwa majani mapya, haina moshi wala kunguni, na kitanda changu cha kamba hakijalegea. Yote yalikuwa kweli. Akanijibu kwamba desturi ndiyo desturi, mgeni wa heshima hupokewa kwa mke mkubwa.

"Ningependa apate mdogo wangu," mke mkubwa akasema kwa upole. "Lakini nitafanyaje? Si mimi niliyeiweka desturi."

Upole wake ndio ulioniudhi kuliko vyote. Mwanamke mgomvi unaweza kumshika mahali. Yule hakuwa na mahali pa kushika. Alinigawia samli bila kuombwa, alinisifia matuta yangu ya viazi, na kila alichonipa nilikiona kimetoka kwenye rundo kubwa zaidi lililobaki kwake.

Nilimtaka yule mgeni, na nitasema kwa nini. Nyumba iliyomlaza karani wa baraza haivunjwi kirahisi. Watu wangesema: kwa mke mdogo wa mwanangwa, pale alipofikia karani wa ziwa. Nyumba yenye jina hivyo, mama mkwe angeanzia wapi kuwadai ng'ombe? Nilikuwa sina mtoto wa kunishikilia pale. Basi nipate hata mgeni.

Nikaenda mtoni kuchimba udongo mweupe. Nilipaka kuta zangu ndani na nje, nikasiriba sakafu kwa samadi na majivu, nikafua hata kamba za kitanda. Mume wangu alipita akasimama.

"Unamngoja nani?"

"Wageni wangu."

"Una wageni?"

"Sijui. Ndiyo maana nangoja."

Alicheka akaenda zake. Mke mkubwa naye alisiriba ya kwake, binti zake wakimsaidia, wakiimba. Mimi nilisiriba peke yangu na sikuimba.

Kiti kililetwa siku moja kabla ya watemi. Wanawake tulijipanga kando ya barabara, na lori lilipotokea tukapiga vigelegele mpaka makoo yakakauka. Askari wawili walikishusha wakakifunua. Kilikuwa kiti. Mikono yake ilikuwa imeng'aa kwa viganja vya watemi, na mguu mmoja ulikuwa na mkwaruzo. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikionea wivu. Kila nchi ilikitaka, kila ilipokitoa iliumia, na hata kilipokuwa mbali kila mtu alijua kitarudi lini.

Wageni waliingia siku iliyofuata, jua limeanza kupoa. Karani wetu alikuja kwa baiskeli, amevaa viatu na soksi, kijana wa makamo mwenye sauti nzuri. Mume wangu alimpokea langoni. Mke mkubwa alikuwa amevaa kaniki mpya, ameshika kibuyu cha maji ya kunywa. Mimi nilisimama nyuma, mahali pangu pa siku zote, naona migongo.

Mke mkubwa akapiga magoti, akasalimu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Za utokako?"

"Nzuri. Wote wazima, hata huko kwa wakwe zangu Mwamanyili nilikopita kusalimia."

"Mwamanyili?" mke mkubwa akafurahi. "Mbona dada yangu ameolewa huko! Kwa nani, baba?"

Karani akamtaja baba mkwe wake. Akaeleza kaya ilivyo, yenye mikwaju miwili mlangoni, na jinsi mama mkwe wake alivyokuwa hodari wa kufinyanga vyungu.

Kibuyu kilianguka. Mke mkubwa alivuta kaniki akajifunika uso, akageuka akakimbia, mwanamke mzito vile, akapotelea nyuma ya ghala. Karani naye alielewa saa ileile. Aligeuka akaupa uso wake ua wa minyaa, akasimama hapo, mikono nyuma, anaitazama minyaa kwa makini.

Mfinyanzi wa Mwamanyili alikuwa dada yake mke mkubwa, tumbo moja. Harusi ya binti wa dada huyo, mke wa karani, mwenzangu hakuhudhuria, alikuwa amejifungua wiki ile, kwa hiyo bwana harusi alimjua kwa kusikia tu. Na kwetu dada wa mama mkwe ni mama mkwe. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mkwe kulala chini ya paa la mama mkwe wake ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Kule ikulu walipowapanga wageni walitaja vyeo tu: karani wa nchi fulani, mzee wa nchi fulani. Hakuna aliyeuliza karani ameoa wapi. Waliyajua mambo ya nchi zote wakasahau kuulizia ukwe.

Mume wangu alibaki katikati ya ua kama mtu aliyeuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili. Huku mkewe kajificha nyuma ya ghala, kule mgeni kaelekea minyaa. Akaitwa mzee jirani haraka aseme kama na mimi ni mama mkwe. Mzee alifikiri, akasema hapana. Ukwe umepitia kwa mama, haukupitia kwa mume, kwa hiyo mke mdogo haumhusu.

Nilifurahi, na hapohapo nikaumia. Hata ukwe ulinipita. Lakini furaha ilizidi, nikapiga kigelegele pale pale, kirefu, nikajua kabisa kwamba nyuma ya ghala kinasikika.

"Karibu, baba," nikamwambia karani. "Nyumba iko tayari tangu juzi."

Mume wangu alinitazama. Nikamrudishia macho bila kupepesa.

Ndivyo karani wa ziwa alivyolala kwangu. Alizisifu kuta zangu. Akaniuliza udongo mweupe ule tunauchimba wapi. Majirani walipita mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anaazima kinu, huyu anatafuta mbuzi, wote wakitaka kuona baiskeli imeegemea ukuta upi. Nilikuwa nimeanza kumsonga jogoo wangu pekee shingo nilipomwona binti mkubwa wa mwenzangu anakuja na kapu kichwani.

"Mayu anasema hiki ni chakula cha mkwe wake."

Kapu lilikuwa na kuku aliyeungwa kwa samli, ugali wa mtama mlaini, maziwa mgando, na kibakuli cha karanga. Mama mkwe haonani na mkwe, lakini mkwe akifika kwenye kaya ni lazima ale jungu lake. Kumnyima ni aibu, na mkwe kukikataa ni tusi. Nikamwachilia jogoo. Nikamnawisha mikono, nikatenga, nikasimama pembeni kwenye nyumba yangu niliyoipaka kwa mikono yangu, namtazama mgeni wangu akila chakula cha mke mwenzangu na kukisifu.

"Mama mkwe wangu anajua kupika," akasema. "Mpelekee wabeja."

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Makapu yakija, shukrani zikirudi, na mjumbe ni mimi. Shukrani zile nilizibeba kuvuka ua, na si zote nilizozifikisha.

Lakini hilo nalo lilikuwa dogo. Jioni ile ya kwanza ilikuwa mwanzo wa zamu yangu. Nilikuwa nimechemsha maji ya kuoga ya mume wangu, karani akayaoga. Giza lilipoanza kuingia, mume wangu aliondoka motoni walipokuwa wakiota wanaume, akachukua fimbo yake, akapita mlangoni kwangu bila kusimama.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kulala."

"Leo ni kwangu."

"Kwako kuna mgeni."

"Ni mgeni wako!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimempisha."

Akaenda kwa mke mkubwa. Mimi nililala jikoni kwangu, kwenye ngozi, karibu na mafiga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji yupi.

Nilijifariji kwamba baraza ni la siku chache. Zamu moja imeliwa, ya pili nitaipata. Mchana nilikwenda ikulu pamoja na wake wengine wa wanangwa, kila mmoja na chakula cha mgeni wake, nami na kapu la mwenzangu. Tuliketi chini kando ya baraza ya nyumba, tukingoja wanaume wamalize. Mtemi wetu alikuwa juu ya kile kiti. Watemi wenzake walikaa kumzunguka, na walivyokuwa wakikitazama kiti niliwatambua kabisa. Macho yale ninayo mwenyewe.

Mambo ya majosho yaliisha upesi. Ya wezi wa ng'ombe yaliisha na matusi kidogo. Kisha likafika swali la kiti kitakwenda wapi mwaka ujao, na hapo ndipo baraza lilipokwama.

Kwa mpango wao, baada yetu ilikuwa zamu ya nchi ya ziwa, kwao karani wangu. Lakini nchi moja ya kusini ilisimama ikasema haitakubali. Miaka ya nyuma kiti kilikuwa kwao, mtemi wao akafariki mwanzoni mwa mwaka wake, na wenzake wakakihamisha kiti kabla hata matanga hayajaisha. Mrithi alikuwa sasa amekua. Alitaka zamu yao irudishwe kwanza, ndipo mpango uendelee.

Karani wangu alisimama kujibu. Kumbe hicho ndicho alichokuja kufanya, na alikifanya vizuri, kuku wa mama mkwe akiwa tumboni mwake.

"Waheshimiwa," akasema, "zamu ni kama mvua. Ikikupita, ungoje ya mwaka mwingine. Ukianza kuzirudisha za zamani, hapa hatutoki."

Watu wa ziwa wakaguna kwa kuridhika. Mimi damu ilinipanda kichwani. Mtu amelala kitandani kwangu, ameoga maji ya mume wangu, anakula zamu yangu kila siku, halafu anasimama mbele ya watemi kuwafundisha kwamba iliyopita imepita.

Mzee mmoja wa kusini, mwembamba, asiye na meno mengi, alijibu bila kusimama.

"Mvua haina mwenyewe. Zamu ina mwenyewe."

Ningeweza kuolewa na mzee yule.

Walibishana siku ile, wakabishana iliyofuata, na iliyofuata. Mtemi wetu, mwenyekiti, hakutaka kumuudhi jirani yeyote, akaendelea kusema tutafakari. Watemi wakitafakari, mume wangu alikamilisha zamu yangu akiwa kwa mwenzangu, akaanza zamu ya mwenzangu akiwa hapohapo kwa mwenzangu, kisha zamu yangu ikarudi na karani bado yumo ndani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa tayari kumpa jembe, mpini wake na shamba. Alizidi kusema usingizi wa Bariadi ni mtamu.

Asubuhi tulikutana na mke mkubwa ghalani. Alikuwa amesuka nywele.

"Pole na mgeni, mdogo wangu," akasema. "Najua kazi ni nyingi."

"Pole na wewe," nikamjibu. "Najua hulali."

Alicheka hadi akashika ghala. Hakukasirika hata kidogo, ndiyo maana sikuweza kucheka naye.

Hatimaye mtemi wetu alisema neno lake. Nilikuwapo, kapu mapajani. Alisema nchi ya kusini haikuitoa zamu yake kwa hiari. Ilinyang'anywa ikiwa kwenye msiba. Zamu iliyorukwa bila ridhaa ya mwenyewe itarudishwa. Kiti kitakwenda kusini, kisha ziwa, kisha wengine kama ilivyopangwa.

Wanawake hatukuwa na ruhusa ya kutoa sauti pale. Nilipiga kigelegele kilichovunja ukimya wote. Watemi wakageuka. Mtemi wetu akageuka, akiwa juu ya kiti. Karani wangu naye aligeuka, akamwona mwenyeji wake akimshangilia aliyemshinda.

Jioni, akifunga mizigo, aliniuliza kwa heshima lakini bila tabasamu.

"Mayu, kumbe kwenu ni kusini?"

"Hapana, baba. Kwetu ni hapahapa, nyuma ya ghala."

Hakuelewa, na sikumweleza. Aliondoka alfajiri. Kwa mama mkwe wake aliacha blanketi jekundu zito, jipya. Kwangu aliacha kipande cha sabuni na shukrani nyingi.

Baiskeli yake haijapotea barabarani nilikuwa nimeshamsimamia mume wangu.

"Watemi wameamua," nikasema. "Zamu iliyorukwa bila ridhaa ya mwenyewe irudishwe."

"Hilo ni la kiti."

"Mimi ni chini ya kiti?"

Alicheka muda mrefu. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu siku ileile alitakiwa kuwakusanya watu wa kijiji awatangazie uamuzi wa baraza, na mtu hawezi kutangaza asubuhi jambo analolikataa jioni. Nilisema alijiona mtu wa haki. Akanirudishia. Zamu zangu zote alizozila kwa mwenzangu alinilipa mfululizo, na mke mkubwa hakunung'unika. Alikaa naye akamkumbusha hata ile moja ambayo mume wetu alitaka kuisahau. Watu wa kusini waliipata haki yao na mimi nikaipata yangu, na kwa muda ule wote nilitembea kifua mbele. Nilimpikia jogoo. Nilijiona nimeshinda baraza zima.

Mvua zikaja, tukapanda pamba. Palizi ya kwanza ilipoisha, nilimwona mke mkubwa amesimama kwenye kichuguu, anavunja kipande cha udongo na kukila kwa utaratibu, macho ameyafumba. Nilijua. Nikajitazama mwenyewe, nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kwangu hakukuwa na kitu. Kisha nikamhesabia na yeye, nikirudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka nikafika kwa karani wa ziwa, kitanda changu kikiwa na mtu na mimi nikiwa kwenye ngozi jikoni. Nilikaa chini palepale kwenye tuta nikalia, jembe mkononi. Zamu zote nilizorudishiwa zilikuwa maganda. Kiini kilikwisha kuliwa.

Alijifungua wakati wa kuchuma pamba, wiki ambayo lori lilikuja kukichukua kiti kukipeleka kusini. Mtoto wa kiume. Baada ya mabinti wanne, wa kiume. Kwetu mtoto hupewa jina la jambo lililotokea, na huyu alipewa jina la baraza lile, hivyo nilipangiwa kulisikia likiitwa uani asubuhi na jioni maisha yangu yote. Mume wangu alichinja. Mama mkwe wangu alicheza ngoma na goti lake bovu. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za ng'ombe wa baba yangu. Kaya ilikuwa imepata mrithi, moyo wake ukatulia, akanisahau. Mtoto yule ndiye aliyeniokoa nisirudishwe kwetu, na hata hilo nilimwonea wivu, kwamba kalifanya bila kujua, akiwa amelala.

Nilimkwepa. Nilisema nina mafua, nina mikono michafu, nina kazi. Mwenzangu hakunilazimisha.

Siku moja nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, nachambua pamba, safi upande huu na fifi, ile chafu, upande ule, kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Mke mkubwa alikuja kutoka mbele, amembeba mtoto ndani ya lile blanketi jekundu. Akaketi karibu yangu, kwenye kibaraza changu cheupe. Akachambua nami kidogo. Kisha akasukuma rundo la pamba pembeni, akaniwekea mtoto mapajani.

"Mshike," akasema. "Huyu ni wa zamu yako."

Nilimshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhania. Neno lile lilikuwa langu. Nilikuwa nimelitunza kifuani tangu siku ya kichuguu, nikilingojea siku ya ugomvi mkubwa nimrushie usoni mbele ya watu, na hata hilo alinitangulia kulisema.